UZI: Kiingereza cha familia kwa wanaozungumza Kihispania. Maneno yanayokuza jambo, na yanayolipunguza

#1 Mwalimu wa Jioni

Wakuu, heshima kwenu.

Vitabu vingi vya kumfundisha Mlatino Kiingereza huanza somo la familia kwa mchoro wa mti. Babu na bibi juu, baba na mama katikati, watoto chini. "Father", "mother", "brother", "sister", basi, somo limekwisha, kesho matunda na rangi. Mimi nafundisha jioni kwa kujitolea hapa Houston. Darasa langu ni watu wa Honduras, Mexico na El Salvador, na wapo Wakongo wachache ambao kwa sababu yao nimeona niandike uzi huu kwa Kiswahili. Msimamo wangu nausema mapema: mti ule haumfai mtu mzima. Mtu mzima hatumii maneno ya familia kuchora ukoo. Anayatumia dirishani: shuleni anapomwandikisha mtoto, zahanati anapoulizwa nani kwao ana kisukari, polisi anapoeleza kilichotokea usiku, mahakamani anapogombea malezi. Huko neno likienda kombo, jambo dogo linakuzwa likawa kesi, au jambo zito linapunguzwa likaonekana si kitu.

Na wanaohusika si wachache. Marekani pekee wapo watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani.

Kihispania na Kiingereza vimechota maneno mengi kwenye Kilatini. Kwa hiyo Mlatino akikwama hulichukua neno la kwao, analikata mkia, na mara nyingi linakuwa Kiingereza safi. "Familia" ni "family", "divorcio" ni "divorce", "adopción" ni "adoption". Anazoea. Halafu siku moja anakutana na neno lenye sura ileile lakini roho nyingine.

Nianze na yanayokuza.

Mama mmoja wa darasani alimwandikia mwalimu wa mwanawe kwamba kuna mtoto "is molesting my son" kila siku. Kwa Kihispania "molestar" ni kusumbua tu, kumkera mtu. Kwa Kiingereza cha leo "molest" ni kumnajisi mtoto. Sheria ya Texas inamtaka kila mtu anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, si mwalimu peke yake. Basi mama akaitwa, na mkalimani akaitwa, na watoto wote wawili wakahojiwa kila mmoja kwa wakati wake. Kilichokuwa kikitokea ni mtoto kuvutwa begi na kunyang'anywa penseli. Maneno aliyoyahitaji yalikuwa "bother" au "pick on". Simlaumu mwalimu wa shule hata kidogo, alifanya alichopaswa kufanya. Ila yule mama kwa muda mrefu hakuandika tena chochote kwenda shuleni, na hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Sasa yanayopunguza, na haya ndiyo yananinyima usingizi zaidi.

"Violación" kwa Kihispania ni uvunjaji wa sheria, na pia ndilo neno la kawaida la ubakaji. Mtu anayeomba hifadhi akisema alipata "a violation" kwao, anayesikiliza ataandika kwamba palivunjwa haki fulani, aendelee na swali linalofuata. Neno ni "rape". Nalifundisha bila kunong'ona, ndani ya sentensi nzima, kwa sababu mwanamke aliyefikwa na jambo hilo asije akalitafuta neno siku ambayo hana nguvu ya kutafuta.

"Discusión" mara nyingi ni ugomvi, watu wamepandishiana sauti. Jirani amepiga simu polisi, askari anauliza, mwanamke anajibu "we had a discussion". Kwa masikio ya askari, hao walikuwa wakijadiliana. Ugomvi wa maneno ni "argument". Na kama mkono ulitumika, achana na nomino kabisa, shika vitenzi vifupi: "he hit me", "he pushed me", "he choked me", "he threatened me". Vitenzi hivi ni vigumu kuvichanganya na vya Kihispania, kwa hiyo havidanganyi kirahisi. Hilo la kukabwa koo nalisisitiza peke yake. Wengi hulisema mwisho au hawalisemi kabisa kwa kuwa halikuacha damu, ilhali kwa daktari na kwa polisi ni miongoni mwa mambo mazito kuliko yote waliyoyataja.

"Denunciar" ni kwenda kushtaki polisi. Ukisema "I want to denounce my husband" utaeleweka kama mtu anayetaka kumlaani hadharani. Sema "I want to file a police report". Zuio la mahakama la kumkataza mtu asikukaribie, Spain huliita "orden de alejamiento". Kwa Kiingereza wengi husema "restraining order", lakini hapa Texas kwenye ukatili wa nyumbani utaona kwenye karatasi "protective order". Mfundishe mtu jina lililoandikwa kwenye mlango atakaoingia.

"Soportar" ni kuvumilia. "No soporto a mi suegra", simvumilii mama mkwe wangu, ikageuzwa "I don't support my mother-in-law", maana yake imekuwa simpi matumizi. Mbele ya hakimu wa mambo ya familia, kati ya "I can't stand my husband" na "I can't support my husband" kuna pengo kubwa sana, kwa kuwa "support" ndilo neno la matunzo. "Child support" ni fedha za matunzo ya mtoto.

Kuna kisa cha mwaka 1980 huko Florida ambacho wakalimani wengi wa hospitali Marekani hufundishwa. Kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitali hajitambui. Familia ilisema yuko "intoxicado". Kwa Wakuba na Walatino wengi hiyo ni kudhurika na kitu ulichokula, na wao walidhani ni chakula kibaya. Ikaeleweka "intoxicated", akatibiwa kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Aliishia kupooza mikono na miguu yote miwili, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa takriban dola milioni 71. Waliokuwa wakizungumza pale hawakuwa wakalimani. Walikuwa ndugu, kila mmoja na Kiingereza chake kidogo, na hakuna aliyemwita mkalimani kwa kuwa kila upande uliamini umeelewana na mwenzake.

Naendelea post inayofuata.

#2 Mwalimu wa Jioni

Sasa ukoo wenyewe.

"Parientes" si "parents". Parientes ni jamaa wote, mpaka yule wa mbali. Kwenye fomu ya shule pameandikwa "Parent/Guardian", mtu anamwandika mdogo wake kwa sababu kweli ni pariente. Siku mtoto anaumwa, shule inampigia yule. "Guardian" nalo linafanana na "guardián", ambaye ni mlinzi, kwa hiyo wengi huruka hilo neno wakidhani linahusu mlinzi wa getini. Ni mlezi kisheria.

Wingi wa kiume wa Kihispania unabeba jinsia zote. "Padre" ni baba, "padres" ni wazazi. "Hermano" ni kaka au mdogo wa kiume, "hermanos" ni ndugu wote wa tumbo moja. Ndiyo maana utasikia "my fathers live in Puebla". Utasikia pia mtu akimwambia muuguzi ana "four brothers" wakati wawili ni dada. Muuguzi anaandika historia ya magonjwa ya familia, saratani ya matiti imo upande wa wale dada, na kwenye karatasi hakuna dada. Neno "siblings" lifundishwe wiki ya kwanza, kabla hata ya "cousin". Ni neno lisilo na sura ya kuvutia, ila kila fomu inalo.

"Su" ni yake, iwe ya mwanamume au ya mwanamke, na yao pia, na hata yako kwa heshima. "Le pegó a su madre." Amempiga mama yake. Mama ya nani? Sisi Waswahili tunalijua tatizo hili vizuri kuliko mtu yeyote, "yake" yetu ni hivyohivyo. Kiingereza kinakulazimisha uchague: "his mother" au "her mother". Ukichagua vibaya umebadilisha aliyepigwa. Ninachowaambia darasani ni kwamba kwenye maelezo ya polisi wasitegemee "his" na "her" kabisa, wataje jina kila mara. Insha itakuwa ya kuchosha, lakini ushahidi utakuwa safi.

Ndugu wa kambo wanachanganywa sana. "Medio hermano" ni yule mliyechangia mzazi mmoja, sisi tungesema baba mmoja mama mbalimbali. "Hermanastro" kwa usahihi ni mtoto wa baba au mama wa kambo, hamna damu moja, lakini mitaani wengi hulitumia kwa wote wawili. Kiingereza kinatenganisha: "half brother" mna damu, "stepbrother" hamna. Daktari anataka kujua hilo.

Halafu kuna maneno ambayo Kiingereza hakina kabisa, na hapa ndipo darasa langu huchangamka. "Compadre" na "comadre": mzazi wa mtoto na mtu aliyemsimamia mtoto huyo ubatizo, huitana hivyo maisha yao yote. Kwa Walatino huo ni undugu, unamkopesha, unamzika. Kiingereza kina "godfather" na "godmother" wa mtoto, lakini hao watu wazima wawili hawana jina kati yao. "Consuegros" ni wazazi wa mume na wazazi wa mke, nalo halina mwenzake. Mtu akiganda hapa simpi neno, nampa sentensi: "He is my son's godfather, he is very close to us." Mlango wa wodi ukiwa na tangazo "immediate family only", compadre hatapita kwa kudai undugu. Ila mgonjwa mwenyewe au mkewe akiomba aruhusiwe, mara nyingi anapita.

Dogo lakini tamu: akina mama wa Kilatino humwita mtoto wa kiume "papi" na wa kike "mami", sawasawa na sisi tunavyomwita mtoto "baba" na "mama". Liacheni hivyo hivyo. Lisitafsiriwe.

Vitenzi vya malezi. "Grow up" ni kukua, mtoto mwenyewe. "Raise" au "bring up" ni kulea, mtu mwingine anafanya. Wao husema "my grandmother educated me" wakimaanisha bibi ndiye aliyenilea na kunifunza adabu, kwa sababu "educado" ni mwenye adabu. Mwingereza anaelewa bibi alimlipia shule. "Bad educated" ni mtovu wa adabu, sema "rude". "Asistir" ni kuhudhuria, kwa hiyo "I didn't assist to the court" inamaanisha sikufika mahakamani. Hili nalo si la kuchezea, maana hakimu anaweza kusikia hukutaka kuisaidia mahakama.

Na sarufi mbili tu zinazoonekana kila mtu akizungumzia matatizo ya jamii. "Gente" ni umoja, ndipo inapotoka "people is poor", badala ya "people are". Na Kihispania huvalisha kila dhana kibainishi, "la pobreza", "el desempleo", ndipo inapotoka "the poverty", "the unemployment". Hizi haziui mtu. Zirekebisheni polepole.

Karibuni kwa maswali.

#3 Binti Kisauni

Asante mwalimu, nimesoma yote. Binamu yangu ameolewa na Mpuerto Rico, wako Orlando. Mtoto ana majina mawili ya ukoo na kila ofisi wanamwandika tofauti. Halafu benki wanamuuliza mama wa mume "mother's maiden name", yule mama haelewi kabisa anaulizwa nini. Hapo inakuwaje?

#4 Mwalimu wa Jioni

Binti Kisauni, dada yangu, hilo ni swali la maana.

Kwa desturi ya Kihispania mtu ana majina mawili ya ukoo: la kwanza la baba, la pili la mama. Baba ni García Pérez, mama ni López Díaz, mtoto ni García López. Mke akiolewa habadilishi, anabaki López Díaz kwenye vitambulisho vyake. Siku hizi Spain wazazi huchagua lipi litangulie, na tangu 2017 la baba halipewi tena kipaumbele wasipokubaliana.

Sasa karani wa Marekani anachukua neno la mwisho kuwa ndilo jina la ukoo. Mtoto anakuwa "Lopez", la baba linageuzwa "middle name". Ofisi nyingine inaandika yote mawili, na huko kompyuta inawaona watoto wawili. Dawa ni kuamua mapema namna moja na kuishikilia, na wengi huweka kistari katikati: García-López. Cheti cha kuzaliwa ndicho kiwe kipimo, mengine yote yafuate.

"Maiden name" ni jina la mwanamke kabla ya kuolewa. Kwa asiyebadilisha jina, ni jina lake lilelile la siku zote. Yule mama aelezwe hivi: benki wanataka jina la ukoo alilozaliwa nalo mama yake mzazi, basi. Achague moja, alikumbuke.

#5 Mzee wa Uvira

Habari zenu wote. Mimi niko Kentucky na jamaa, tulipitia kambi Tanzania. Mwalimu, unasema Walatino wana shida na "parents". Sisi shida yetu ni "father". Baba mdogo wangu ndiye alinilea, mimi ninamwita baba. Kwenye mahojiano ya kwanza niliandikwa nina baba hai, mahojiano ya pili nilisema baba alikufa kwenye vita. Wakaniuliza kwa nini ninadanganya. Sikudanganya. Nilikuwa na baba wawili, mmoja alikufa, mmoja yuko. Mkalimani naye alisema "father" mara zote mbili.

#6 Mwalimu wa Jioni

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana. Uliyoyasema yanawapata wengi kutoka kwetu.

Hapo Walatino wametuzidi bahati. "Tío" wao ni "uncle" moja kwa moja, awe upande wa baba au wa mama. Sisi mjomba anaingia sawa kwenye "uncle", lakini baba mkubwa na baba mdogo ni baba, na watoto wao ni kaka na dada zetu. Mwingereza anawaita "cousins". Ukisema "my brother" wa baba mdogo, na kwenye faili lake baba ana jina jingine, tayari pana utata.

Na utata huu umewahi kuwagharimu watu wengi. Mwaka 2008 Marekani ilifanya vipimo vya DNA kwa familia za wakimbizi zilizoomba kuungana na jamaa walioko Marekani, vikianzia Nairobi. Wengi hawakuthibitika kuwa ndugu wa damu kama walivyoandika, na mpango ule unaoitwa P-3 ukasimamishwa mpaka 2012. Ulaghai ulikuwepo, nisiukatae. Lakini walikuwepo pia waliolea yatima wa ndugu zao na kuwaita watoto wao, kama walivyolelewa wao. Damu haikuwatambua.

Ushauri wangu kwa yeyote anayeandaa maelezo yake: kabla ya jina la undugu, taja njia. "My father's younger brother. He raised me after my father died." Njia haina tafsiri mbili. Walatino nao nawafundisha hivyo kwa "hijo de crianza", mtoto uliyemlea bila karatasi. Wakisema "my son" tu, wataulizwa cheti.

Na kwenye uhamiaji wa Marekani jueni kwamba "child" si mtoto wa mtu tu. Kisheria ni ambaye hajaoa wala kuolewa, na hajafika miaka 21. Akivuka hapo anaitwa "son" au "daughter", na foleni inakuwa nyingine, ndefu. Mtoto wa kambo anahesabiwa kama ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18. Raia anaweza kumwombea mwenzi, mtoto, mzazi na ndugu wa tumbo moja. Binamu, mjomba, shangazi, bibi na compadre hawamo kabisa. Ndiyo maana nasema "siblings" ije kabla ya "cousin".

#7 Chande BCN

Niongezee ya huku Barcelona. Kihispania cha Spain kina maneno yake ya matatizo ya jamii, na wanafunzi wangu wa Kiingereza huyapeleka mazimamazima.

"Desahucio" ni kufukuzwa kwenye nyumba kwa kushindwa kulipa kodi au mkopo. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 lilikuwa kwenye midomo ya kila mtu, na mwaka 2009 hapa Barcelona ndipo ilipoanzishwa PAH, jumuiya ya walioathirika na mikopo ya nyumba. Kiingereza ni "eviction". Kama ni benki inatwaa nyumba kwa deni la mkopo, ni "foreclosure" Marekani na "repossession" Uingereza. "Paro" ni ukosefu wa ajira, na "cobrar el paro" ni kupokea posho yake.

"Familia numerosa" ni cheo rasmi hapa kwa familia yenye watoto watatu au zaidi, kina kadi yake, punguzo la treni na la ada ya chuo kikuu. Ukisema "numerous family" Mwingereza hakuelewi, na ukisema "large family" anaelewa mko wengi lakini hajui kama kuna haki yoyote. Lazima ueleze.

Kubwa zaidi ni "acoso". Kihispania kinatumia neno hilo moja: acoso escolar, acoso sexual, acoso laboral. Kiingereza kinaligawa: shuleni ni "bullying", kazini na mitaani ni "harassment", na mtu anayekuandama popote uendapo, anakusubiri nje ya kazi, anakupigia usiku, huyo ni "stalking". Wanafunzi wote huandika "bullying" kwa sababu limeingia kwenye magazeti ya hapa.

#8 Mwalimu wa Jioni

Chande, mchango wako wa "acoso" nauchukua kama ulivyo nikaufundishe. "Stalking" ni kosa la jinai lenye jina lake. Anayesema "he bothers me" kwa mtu anayemwandama hatasaidiwa ipasavyo.

#9 Kalamu Nyeusi

Mkuu, mimi naona tofauti kidogo. Mtu ameanza kujifunza Kiingereza juzi, hajui hata siku za wiki, wewe unampa "rape", "choke", "protective order". Utamtisha akimbie darasa. Mambo ya mahakama na hospitali yana wakalimani wake. Mwalimu afundishe lugha, mengine awaachie wenye taaluma.

#10 Mwalimu wa Jioni

Kalamu Nyeusi, hoja yako ni nzito na nimeifikiria sana, nikujibu kwa kirefu.

Wakalimani wapo, na mimi ni wa kwanza kusema waitwe. Lakini wa kwanza kutafsiri katika nyumba za wahamiaji si mtaalamu. Ni mtoto. Binti wa miaka kumi anakaa katikati ya mama na daktari, anatafsiri kuhusu mimba iliyoharibika, au kuhusu baba anavyokunywa. Kanuni za afya za mwaka 2016 zilizotokana na sheria ya bima ya Obama zilizikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura ya kutishia maisha ambapo mkalimani hajapatikana. Hospitali kubwa zinafuata. Lakini kwa mwenye nyumba, kwenye duka la dawa, kwenye simu ya shule saa mbili asubuhi, bado ni mtoto. Mama akiwa na sentensi kumi zake mwenyewe, mtoto anapumzishwa na mengi asiyopaswa kuyasikia, achilia mbali kuyatamka.

Kuhusu kuwatisha: darasani kwangu maneno mazito hayaji na picha wala masimulizi, na hakuna anayeombwa aeleze lililompata. Nayaweka ubaoni pamoja na mengine, tunayatamka wote kwa pamoja, kila mtu ananakili. Anayehitaji analo, asiyehitaji halimdhuru. Wanaume nao wanakaa, na wao wana dada na binti. Baadhi ya wanawake hubaki nyuma darasa likiisha, wanauliza herufi za neno moja tu, wanaliandika kwenye karatasi ndogo, wanaondoka. Siwaulizi la nani. Hao ndio wanaonifanya nisikubali kuwapa matunda na rangi peke yake.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja: sheria yenyewe si kazi yangu. Mfano, "patria potestad" ya Kihispania ni mamlaka yote ya mzazi juu ya mtoto, na mzazi anaweza kuwa nayo hata kama mtoto haishi kwake. Wengi huigeuza "custody", halafu wanasaini karatasi wakidhani wanakubali mtoto alale wapi tu, kumbe wamegusa pia haki ya kuamua shule na matibabu. Hapa Marekani hugawanywa "legal custody", haki ya kuamua, na "physical custody", mtoto anaishi na nani. Nawafundisha kwamba ni mambo mawili na kwamba lazima waulize ni lipi linazungumzwa. Kusaini au kutosaini, hilo nawaambia wamuone wakili.

#11 Nuru wa Tandika

Mwalimu, nina swali la haraka. Nipo North Carolina, jirani yangu ni mama wa Guatemala, tunaelewana kwa ishara tu. Wanawe wawili walichukuliwa wiki iliyopita, amepewa karatasi imeandikwa "foster care", analia anasema wamempa mtu mwingine watoto wake moja kwa moja. Ni kweli? Nimwambie nini?

#12 Mwalimu wa Jioni

Nuru, asante kwa kumjali jirani.

"Foster care" si "adoption". Kwa Kiswahili cha ustawi wa jamii ni malezi ya kambo: mtoto anakaa kwa muda kwa walezi wengine au kwa jamaa wakati kesi inaendelea, na haki za mzazi hazijafutwa. Mahakama ndiyo huzifuta, na kuasili huja baada ya hapo. Kwa Kihispania mwoneshe neno "temporal", na "cuidado de crianza" au "hogar de acogida", ataelewa. "Adopción" atalijua mwenyewe, sema "no adopción".

Mwangalie kwenye karatasi tarehe ya "hearing", yaani siku ya kusikilizwa mahakamani. Asikose siku hiyo hata kwa nini. Aombe wakili mapema, kwenye kesi za namna hii mahakama huko humpa mzazi asiye na uwezo. Kama ana dada au shangazi wa watoto anayeweza kuwapokea, amtaje jina na namba leo, kwa sababu ofisi huangalia jamaa.

Mwandikie sentensi hizi kwa herufi kubwa, ampe ofisa, asimtume mtoto wa mtu kumsemea:

"I am the mother. I need a Spanish interpreter. I want a lawyer. When can I see my children? My sister can take care of them."

Na kabla ya yote muulize kama Kihispania ndiyo lugha yake hasa. Watu wengi wa Guatemala lugha yao ya nyumbani ni ya Kimaya, K'iche' au Mam au Q'eqchi', na Kihispania kwao ni cha sokoni. Kama ndivyo, pale penye "Spanish" aandike jina la lugha yake. Ukipata tarehe ya mahakama irushe hapa, nitaangalia na wewe karatasi mstari kwa mstari.